Kumfunza Mtoto wa Mbwa: Kuanzia Siku ya Kwanza Nyumbani hadi Miezi Sita

Watu wanaopata mtoto wa mbwa kwa mara ya kwanza huuliza waanze lini kumfunza, na wengi wao huwa wameshaambiwa na jirani kwamba wangoje kwanza akue. Ushauri huo umeharibu mbwa wengi kuliko ukorofi wa kuzaliwa. Mtoto wa mbwa huanza kujifunza siku anapovuka geti lako, uwe umeanza kumfunza au hujaanza, na akifikisha miezi sita bila kushughulikiwa na mtu huwa ameshafunzwa na kuku aliyekurupuka mbele yake, na mtoto aliyekimbia akipiga kelele, na kandambili iliyosahauliwa kibarazani. Mwongozo huu unahusu nyumba ya kawaida ya mjini au pembezoni mwa mji, yenye ua, geti, watoto, wageni na pengine kuku wachache. Unamfaa anayetaka mbwa wa ulinzi sawasawa na anayetaka mbwa wa kuishi naye tu, kwa sababu mambo ya msingi ya miezi hii ni yale yale kwa wote wawili.

Kabla hujamleta nyumbani

Usimchukue kabla hajatimiza wiki 8. Wapo wafugaji wanaowatoa watoto wakiwa na wiki 5 kwa hoja kwamba wameshaanza kula ugali, lakini katika wiki hizo ndipo mama na ndugu zake wanapomfundisha kwamba meno yanauma, na kwamba anayeng'ata kwa nguvu huachwa bila wa kucheza naye. Mtoto aliyekosa somo hilo atakuja kulisomea kwenye mikono yako.

Andaa vitu vifuatavyo kabla ya siku ya kumleta:

- Mahali pa kulala pasipopitisha upepo wala mvua. Boksi gumu, kizimba au kibanda kidogo kinatosha, mradi aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha, na pasiwe pakubwa kiasi cha kumpa kona ya kulala na kona ya kujisaidia.
- Bakuli mbili nzito zisizopinduka, moja ya maji na moja ya chakula, ambazo hazitatumiwa na mtu.
- Mkanda mwepesi wa shingo, unaolegea kiasi cha kupitisha vidole viwili, pamoja na kamba mbili: fupi ya mita 2 na ndefu ya mita 5 hadi 10. Mnyororo hauhitajiki.
- Vitu vya kutafuna vilivyo vyake. Kitambaa kigumu kilichofungwa mafundo kinafaa. Kiatu kikuukuu hakifai hata kidogo, kwa kuwa yeye hatambui tofauti kati ya kiatu ulichomgawia na kile ulichonunua juzi kwa ajili ya harusi.
- Zawadi za kumfunzia: maini yaliyochemshwa bila chumvi na kukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, au dagaa waliooshwa vizuri kuondoa mchanga na chumvi.
- Siki, matambara na magazeti ya zamani, kwa ajili ya usafi.
- Kadi ya chanjo na namba ya simu ya daktari wa mifugo aliye karibu.

Kitu cha mwisho hakiuzwi dukani, nacho ndicho kinachokosekana katika nyumba nyingi: makubaliano ya watu wote wanaoishi hapo. Baba akisema "kaa", watoto wakasema "siti" na mlinzi akasema "tulia", mbwa amesikia amri tatu na hana sababu ya kutii hata moja. Chagueni maneno machache, yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa nyuma ya mlango wa jikoni: *njoo, kaa, subiri, acha, vizuri*. Kubalianeni pia kama ataruhusiwa kuingia sebuleni au hapana, na kwamba hapewi chakula mezani na yeyote. Msaidizi wa nyumbani na mlinzi lazima wawepo kwenye kikao hicho, kwa sababu mara nyingi ndio wanaoshinda naye kutwa.

Kuhusu tiba, kazi ni ya daktari, lakini ni vyema uijue ratiba ili usiishie njiani. Chanjo ya mchanganyiko, inayokinga parvo, distempa na magonjwa mengine, huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afike wiki 16. Wengi huchoma sindano ya kwanza na kuridhika, ilhali kinga aliyoipata kwa mama yake inaweza kuizuia chanjo ya mapema isifanye kazi. Ndiyo sababu ya kurudia. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida akiwa na wiki 12 na hurudiwa kadiri daktari atakavyoelekeza. Dawa ya minyoo hutolewa kila wiki mbili hadi afikishe wiki 8, kisha kila mwezi hadi miezi sita, na jambo hili si la mbwa peke yake, kwa kuwa minyoo yake huweza kuwapata watoto wanaocheza kwenye mchanga aliojisaidia. Tahadhari moja zaidi: usimwogeshe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe. Kipimo kinachomfaa ng'ombe kinaweza kumuua mtoto wa mbwa, naye ana tabia ya kujilamba.

Hatua za kufuata

1. Mpokee kwa utulivu. Mlete asubuhi, siku ambayo kuna mtu wa kushinda naye. Kabla hajaingia popote, mpeleke moja kwa moja mahali unapotaka awe anajisaidia, umngoje hapo mpaka anuse na akojoe. Omba kwa aliyekupa kipande cha tambara lililolaliwa na mama yake, ukiweke kwenye kitanda chake. Kwa siku tatu au nne za mwanzo mpe chakula kile kile alichozoea, hata kama hukipendi, kisha ubadilishe kidogo kidogo. Usimwogeshe siku hiyo, na usiwaite watoto wa mtaa mzima waje kumbeba.

2. Uvuke usiku wa kwanza. Atalia, kwa kuwa hajawahi kulala peke yake. Boksi lake likiwa karibu na mtu katika wiki ya kwanza, hata kama mwishowe atalala nje, atatulia upesi zaidi kuliko akifungiwa stoo. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa kinene humsaidia mahali penye baridi. Mpeleke kukojoa saa nne usiku, tena saa nane, na tena alfajiri. Safari hizo ziwe kimya, bila mchezo, kisha arudishwe kulala. Baada ya hapo sogeza boksi kidogo kila usiku kuelekea mahali pake pa kudumu.

3. Mfunze kujisaidia mahali pamoja. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na sababu karibu kila mara ni kwamba wanangoja akosee ndipo washughulike. Mtoto wa miezi miwili hawezi kuzuia mkojo mchana kwa zaidi ya saa mbili au tatu, tena akiwa anacheza hawezi hata hizo. Kwa hiyo wewe ndiye unayeangalia saa. Mtoe nje mara tu anapoamka, dakika chache baada ya kila mlo, baada ya kila mchezo, na kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho. Mlishe kwa saa maalumu, mara nne kwa siku hadi afikishe miezi mitatu, mara tatu hadi miezi sita, kisha mara mbili, kwa sababu anayekula kwa saa hujisaidia kwa saa.

Mtazame vizuri, kwa kuwa huwa anatoa taarifa. Ataacha ghafla alichokuwa akikitafuna, atainamisha pua sakafuni na kuzunguka mahali pamoja, pengine ataelekea nyuma ya kochi. Huo ndio wakati wa kumbeba, maana ukimwita tu atakojoa njiani. Mkifika nje, simama kimya. Akimaliza, sema "vizuri" na umpe kipande cha ini pale pale, si baada ya kurudi jikoni. Zawadi inayochelewa hata kwa sekunde chache atadhani ni ya kutembea kuelekea jikoni.

Akikosea mbele yako, piga makofi mara moja ili astuke, umbebe amalizie nje. Ukikuta dimbwi limeshakauka, safisha tu. Kumsugua pua kwenye mkojo, desturi iliyoenea sana, humfundisha kitu kimoja: kwamba kukojoa mbele ya binadamu ni hatari, na tangu hapo atajificha chini ya kitanda. Osha mahali hapo kwa maji yaliyochanganywa na siki, kwa sababu harufu ikibaki atarudi. Epuka dawa za usafi zenye amonia, ambayo harufu yake inakaribiana na ya mkojo.

4. Mpe jina, kisha mfundishe kuja. Jina liwe fupi, lisifanane na amri wala na jina la mtu wa nyumbani. Mbwa aitwaye Njoro atachanganyikiwa na "njoo" maisha yake yote. Liseme mara moja kwa sauti ya furaha, na kila akikutazama sema "vizuri" na umpe zawadi. Siku mbili tatu za zoezi hilo hutosha.

Amri ya "njoo" ndiyo itakayomwokoa siku geti litakapoachwa wazi, hivyo ilindwe kuliko nyingine zote. Chuchumaa hatua chache mbele yake, mwite jina na kusema "njoo" mara moja tu, kisha umpokee kwa zawadi na maneno mazuri. Ongeza umbali polepole, kwanza ndani, kisha uani akiwa na kamba ndefu. Kosa kubwa ni kumwita ili umwadhibu, umwogeshe au umfungie. Kama kuna jambo asilolipenda linalomngoja, mfuate wewe alipo. Kosa jingine ni kurudia "njoo, njoo, njoo" huku yeye akiendelea kuchimba, kwani unamzoesha kwamba neno la kwanza si la kutii.

5. Mzuie kung'ata mikono. Meno ya utoto ya mbwa ni 28 na ni makali kama sindano, nayo huanza kung'oka akiwa na miezi mitatu hadi minne ili kupisha meno 42 ya ukubwani. Kwa kipindi hicho chote fizi zinamwasha na kutafuna ni lazima. Asipewe kamwe mkono au kanga ya kuvutana nayo. Akikung'ata, sema "aa!" mara moja, legeza mkono bila kuuchomoa kwa kasi, simama na umgeuzie mgongo kwa nusu dakika, mchezo umekwisha. Ukirudi, mpe kitambaa chake cha mafundo, ambacho unaweza kukilowesha na kukigandisha kwenye friji ili kimpoze fizi. Kila mtu nyumbani afanye hivyo hivyo, na hasa watoto waelezwe wasikimbie wala kupiga mayowe, kwa sababu kwake hayo ni mwaliko wa kuendelea.

6. "Kaa", "subiri" na "acha". Shika kipande cha ini mbele ya pua yake, kipandishe polepole kuelekea nyuma ya kichwa. Akifuata kwa macho, makalio yatashuka yenyewe. Yakigusa chini, sema "vizuri" na umpe. Ukiona analielewa tendo, ndipo utangulize neno "kaa". Usimkandamize mgongo.

Kwa "subiri", tumia wakati wa chakula. Mwambie akae, teremsha bakuli, na akiinuka bakuli nalo linainuka. Akitulia kwa sekunde mbili, weka chini na umruhusu. Zoezi hilo hilo lihamie kwenye geti: geti halifunguki mpaka makalio yawe chini.

Kwa "acha", fumba ngumi yenye dagaa ndani na umwachie ailambe, aiparure na kuisukuma kwa pua. Nyamaza. Mara tu atakapovuta mdomo nyuma, hata kwa kuchoka, sema "vizuri" na umpe kipande kutoka mkono wa pili. Baada ya siku chache ataiacha ngumi kabla hujasema lolote. Hapo ndipo ulitamke neno "acha". Masomo yote haya yasizidi dakika tatu hadi tano kwa mkupuo, mara kadhaa kwa siku, kabla ya mlo akiwa bado na njaa.

7. Mzoeshe kamba. Mvalishe mkanda kwa dakika chache wakati anakula, kisha mwache aburuze kamba fupi uani huku ukimwangalia. Ukiishika, mfuate yeye kwanza. Akivuta, simama kama mlingoti. Kamba ikilegea, endeleeni. Asitembezwe barabarani kabla ya kumaliza chanjo, na hata baadaye epuka lami ya mchana. Weka kiganja chako juu yake: kama huwezi kuvumilia, na yeye hawezi.

8. Mwonyeshe dunia mapema. Kati ya wiki ya 3 na takriban ya 14, akili ya mtoto wa mbwa hupokea vitu vigeni kwa urahisi. Baada ya hapo, kigeni huanza kuwa cha kutisha. Hapa pana mgongano na chanjo, kwa kuwa virusi vya parvo hudumu kwenye udongo kwa miezi mingi, na mbwa wa mitaani hupita kila mahali. Suluhisho ni kumbeba. Kaa naye mapajani kwenye kibaraza au ndani ya gari, apite mwenye bodaboda, mama muuza samaki na beseni lake, fundi anayegonga bati, mtu wa fimbo, mtu wa mwavuli, mwanafunzi wa sare. Kila kipya kiandamane na kipande cha ini. Sauti za jenereta, ngurumo na fataki azisikie kwanza kwa mbali. Akijikunja au kugeuza kichwa, mwondoe. Usimsukume mbele ili "azoee", kwa sababu atakachozoea ni hofu.

Kila siku mguse masikio, fungua mdomo, shika kucha na pekua kati ya vidole ukitafuta kupe. Daktari atakushukuru.

Mfunze pia asirukie watu. Hili lina uzito wa pekee katika mitaa yetu, hasa ya Pwani, ambako majirani wengi ni Waislamu na mate ya mbwa kwao ni najisi. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa Uswahilini, kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sheria hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa ulinzi na wa kuwinda, hivyo ugomvi na jirani mara nyingi hautokani na kuwepo kwa mbwa bali na mbwa anayemlamba mtu anayeelekea msikitini. Mgeni akiingia, mbwa awe kwenye kamba. Mgeni anayependa mbwa amsalimie miguu yote minne ikiwa chini, na asiyependa asifikiwe kabisa.

9. Kuku na paka. Usiwaache pamoja ukitumaini watazoeana. Mvalishe kamba ndefu, kaa naye mita kumi hivi kutoka kwa kuku wanaochakura, na umtazame yeye badala ya kuku. Masikio yakielekea mbele, mkia ukakakamaa na mdomo uliokuwa wazi ukafungwa, sekunde hiyo ndiyo ya kumwita jina. Ukingoja mpaka aruke, umechelewa. Akikugeukia, mpe ini. Akishindwa kugeuka, umekaribia mno, rudi nyuma. Sogea kwa hatua moja au mbili kila siku, na usimwachie huru mpaka kuku apite na vifaranga vyake naye akutazame wewe. Kumfunga kuku aliyekufa shingoni mwa mbwa, dawa inayosifiwa na wazee wengi, humtesa tu na kumnukisha.

10. Mzoeshe kubaki peke yake. Mwache dakika mbili akiwa na kitu cha kutafuna, rudi bila shamrashamra, kisha ongeza muda. Wikendi nzima ya kubebwa ikifuatiwa na Jumatatu ya saa tisa za upweke ndiyo chanzo cha milango iliyokwanguliwa.

Makosa yanayorudiwa kila siku

La kwanza ni kumlisha pilipili, au kumfungia gizani mchana kutwa, ili awe mkali. Pilipili humuumiza tumbo tu. Mbwa aliyefungiwa asiwaone watu hukua akiogopa kila mtu, na mbwa mwoga hamchagui wa kumng'ata: atamng'ata mtoto wako na kumkimbia mwizi mwenye panga. Mlinzi mzuri ni yule anayewafahamu watu wa kawaida, ndipo asiye wa kawaida anapomshtua. Kubweka kwa mgeni kutakuja kwenyewe, mara nyingi baada ya miezi sita, bila kufundishwa.

La pili ni kumfunga kwa mnyororo tangu utotoni. Mnyororo huchubua shingo na kumnyima nafasi ya kujifunza chochote zaidi ya kuvuta.

La tatu ni chakula. Ugali mtupu hujaza tumbo bila kujenga mifupa. Uchanganywe na dagaa, nyama, maini au mayai. Mabaki ya mchuzi huwa na vitunguu, ambavyo ni sumu kwake, kama zilivyo chokoleti na zabibu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kuweza kumtoboa utumbo.

La nne ni kumpiga, nami nina la kusema moja tu: mbwa anayepigwa kwa mkono hujifunza kuukimbia mkono, hata siku unapomnyooshea umfungue kutoka kwenye waya alikonasa.

Mambo yakikwama

*Alikuwa anajisaidia nje, sasa amerudia ndani.* Angalia kwanza kama anakojoa mara nyingi na kidogo kidogo, maana huenda ni ugonjwa wa njia ya mkojo na anahitaji daktari. Kama ni mzima, mpe uhuru mdogo wa kuzunguka nyumba na urudi kwenye ratiba ya hatua ya 3 kwa wiki moja.

*Anakojoa kila anaposalimiwa.* Si ukaidi, ni unyenyekevu wa kitoto. Msalimie ukiwa umechuchumaa kwa ubavu, usimwinamie, usimkemee, na mara nyingi huisha akikua.

*Ananguruma ukikaribia bakuli lake.* Usimnyang'anye ili kumwonyesha nani mkubwa. Pita kwa mbali na umtupie kipande kizuri kuliko kilichomo bakulini, kila siku karibu kidogo, mpaka aanze kutikisa mkia akikuona unakuja. Watoto wakae mbali wakati wa mlo. Ikiwa anang'ata kabisa, omba msaada wa mtu anayejua kazi ya kufunza mbwa.

*Anatii nyumbani, akitoka nje haniskii.* Amejifunza "kaa" ya jikoni tu. Anza upya uani, kisha mlangoni, kisha barabarani, kila mahali kwa zawadi nzuri zaidi kuliko ya ndani.

*Anachimba na kutafuna kila kitu.* Mara nyingi hana kazi. Nyunyiza chakula chake kwenye majani akitafute kwa pua badala ya kukimaliza bakulini kwa nusu dakika, na uondoe viatu kibarazani.

*Amemng'ata au kumparura mtu hadi damu.* Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo akaelezwe kuhusu sindano za kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo na mbwa ni mchanga. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huo karibu kila mara huua. Mbwa asiuawe wala kufukuzwa. Afungiwe mahali salama na daktari wa mifugo aarifiwe amfuatilie. Kwa mbwa ambaye bado hajachanjwa, ulizia ofisi ya mifugo ya eneo lako kuhusu kampeni za chanjo, ambazo mara nyingi huandaliwa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

*Amekataa kula, anatapika na kuharisha, hasa damu yenye harufu kali.* Acha masomo yote na usimpe dawa ya kubahatisha. Parvo humwua mtoto wa mbwa ndani ya siku chache kwa kumkausha maji mwilini, hivyo mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Piga simu kabla hujafika, ili apokewe kwa mlango mwingine na asipitishwe wanapongoja mbwa wengine, na sakafu alipokuwa amelala ioshwe kwa sabuni kisha kwa maji yenye dawa ya klorini kabla ya kumwingiza mbwa mwingine yeyote.